Kiatu cha Reine Nyuma ya Ukuta

Benchi letu ni ubao wa behewa la daraja la pili, umelazwa juu ya matofali, na pa kuegemea mgongo ni ukuta wa uwanja wa basketi wa lise, shule ya sekondari. Ukikaa hapo unaona barabara inayoteremka kwenda gare ya treni, unaona kipande cha ziwa kati ya mabati mawili, na unaona mbabula ya Mama Constance, jiko lake la makaa, na birika lake la kahawa ya tangawizi. Kinachochezwa nyuma ya kisogo chako hukioni, unakisikia tu. Tumekaa hapa miaka, mipira ikidunda nyuma yetu, nasi tukaisikia kama watu wanavyosikia mvua ya kwa jirani. Lakini juma hili tumegeuka wote na kuweka masikio ukutani. Makocha wametoka Lubumbashi, wamefanya kambi ya kuwapima wanafunzi wa lise zote za Kalemie, na leo Jumamosi, jua likipoa, watataja wavulana wawili na wasichana wawili wa kwenda nao: shule, kitanda, chakula, na mpira kila siku. Kati ya wasichana wanaopimwa yumo Reine, mtoto wa Shefu Gare wetu. Basi leo hata kahawa tunainywa kwa heshima.

— Nyamazeni! akasema Shefu Gare. Munasikia? Kwa! Kwa! Ile njo Reine.

Tukatega masikio. Na kweli, katikati ya ule mvurugano wa miguu kulikuwa na kiatu kimoja kinachopiga sementi kofi: kwa, kwa, kwa. Ni cha kushoto. Soli yake ilikuwa imeachama kama mdomo wa samaki, Shefu mwenyewe akaibandika kwa gundi na kipande cha mpira wa tairi ya pikipiki. Mbele ikashika, nyuma ikakataa. Tangu hapo, Reine akitoka shuleni tunamjua kabla hajatokea kwenye kona.

— Anakimbia sana leo, nikasema mimi.

— Anakimbia? Anaruka! Sikia: kwa... umesikia pale pamenyamaza? Halafu kwa! Pale katikati alikuwa hewani.

— Hewani muda wote ule? akauliza Avoka. Papa, ile alisimama akafunga kamba.

— Weye unajua nini juu ya kuruka? Weye unajua kuanguka na pikipiki.

Tukacheka. Avoka, yaani wakili, ni Djo, mwenye pikipiki ya kubeba watu. Sheria hakusoma, ila siku moja aliitwa kortini kuwa shahidi, akatoka huko na maneno mengi kuliko aliyoingia nayo. Shefu Gare ni Papa Norbert, aliyekuwa mkubwa wa gare yetu wakati treni zilipokuwa zikija kwa saa. Siku hizi treni inakuja ikitaka, kama mkwe aliyekasirishwa, na Papa Norbert anakaa na sisi. Wa tatu ni Kigoma, jina lake Élysée, anavuka ziwa kuleta mabeseni na vitenge, na kila safari anarudi na Kiswahili kipya. Mimi wananiita Aleluya. Ni kwa sababu ya kwaya tu. Utakatifu Mungu anajua ulivyo.

— Lakini mzee, akasema Kigoma, si wanaazimana viatu na yule msichana wa jirani yako, Carmel? Naye yumo mule.

— Siku zingine, ndiyo. Mumoja anacheza asubuhi, mwengine jioni, jozi moja. Lakini leo asubuhi nimemwambia: Reine, leo usimupe muntu. Leo njo siku. Viatu ni vyako, hata malaika akikuja kuazima umwambie baba amekataza.

— Umesema vizuri, akasema Avoka. Mali ya muntu ni mali ya muntu.

Pengine unajiuliza kwa nini watu wazima wanasikiliza ukuta badala ya kuingia mlangoni, na mlango uko pale pale, hatua chache tu. Kosa ni la Avoka. Siku ya kwanza mlango ulikuwa wazi. Avoka akaingia, akaona arbitre, mwamuzi, amepuliza filimbi kwamba msichana mmoja ametembea na mpira, akaenda mpaka katikati ya uwanja kumuuliza ni sheria gani inayomkataza mwananchi kutembea. Na Avoka hana hata mtoto mle! Nyuma yake akina mama wawili wakaingia nao kwa sauti, baba mmoja akamvuta kocha shati. Basi makocha wakatoa amri: wazazi wasiingie. Alphonse sentineli akawekwa mlangoni na fimbo.

Na Shefu siku ile ya kwanza hakwenda. Alisema treni hailakiwi katikati ya njia, inalakiwa gare. Alikuwa anajiwekea siku ya mwisho, siku kubwa. Kumbe siku kubwa imekuja imefungwa.

— Haidhuru, akasema, akichezea kikombe. Nikisikia, ni kama ninaona.

— Bora hata kusikia, akasema Kigoma. Macho yanadanganya. Mchezaji mzuri anajulikana kwa kelele zake, bwana. Wahenga hawakukosea: debe tupu haliachi kuvuma!

— Njo vile! akasema Shefu kwa furaha.

Mama Constance aliinua macho kwenye mbabula, akayashusha. Mimi nami niliijua ile methali. Sikumsahihisha, maana Shefu alikuwa amefurahi, na pia nilikuwa na karanga mdomoni.

— Sasa wanapima nini hasa mule? akauliza Avoka. Maana mimi nasema wanapima urefu.

— Urefu? akasema Kigoma. Urefu ungekuwa kitu, mnazi ungekuwa kapteni. Wanapima viganja. Kule ng'ambo nilimwona kocha mmoja, anampa mtoto sahani ya bati, anamwambia ifunike kwa mkono. Ikibaki sehemu, nenda nyumbani. Ndiyo maana watoto wa wavuvi wanashinda. Mkono uliovuta nyavu unajua kushika.

— Reine havutaki nyavu, akasema Shefu.

— Lakini anakula migebuka. Inaingia mkononi polepole.

— Uongo, akasema Avoka. Wanapima magoti. Nimeona na macho yangu siku ya kwanza, kabla hawajanifukuza: watoto wanafungwa bandeji. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sasa wanatafuta ambaye guu halijavunjika, maana yake huyo alisikia wakubwa. Ni mutihani wa heshima, si wa mpira.

— Hapo umekaribia, nikasema mimi. Wanapima moyo. Nimesikia kwamba kocha wa kweli hamwangalii mtoto akifunga, anamwangalia akikosa. Akikosa anamlaumu nani? Anarudi mbio, au anasimama anainua mikono?

Nilisema vizuri, nami nikajisikia kwamba nimesema vizuri. Huo ndio ugonjwa wangu.

— Aleluya, weye unaharibu mambo na kanisa, akasema Avoka. Sikia ya kweli. Wanapima maji. Wakati wa mapumuziko wanaleta bidoni ya maji, wanajificha, wanaangalia nani anakunywa wa kwanza.

— Na huyo wanamuchukua?

— Wanamufukuza.

— Na wa mwisho?

— Huyo naye wanamufukuza, maana amelegea.

— Basi wanachukua wa katikati?

— Wa katikati hawamuonaki. Njo sababu kazi ya kocha ni ngumu.

— Mimi nilisikia, akasema Kigoma akishusha sauti, wanaangalia kivuli. Saa sita mtoto anasimama juu ya alama. Kivuli kikiwa kimetoka mbele ya vidole, mtoto bado ataongezeka. Kikiwa kimejificha chini, amekwisha, hapo alipo ndipo alipo. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Hapo mgeni ameponya nini? nikauliza.

— Mgeni ni kivuli, bwana!

Nyuma yetu filimbi ikalia, miguu ikasimama, ikaanza tena. Ringi za uwanja ule hazina wavu, kwa hiyo mpira ukiingia husikii kitu. Unangoja tu kelele za watoto ndipo unajua. Kelele zikapanda. Na ndani ya kelele, kwa, kwa, kwa, kwa, kiatu kikirudi upande wetu.

— Amefunga! akasema Shefu. Ameingiza, sasa anarudi kulinda. Munasikia anavyorudi? Aleluya, njo ulisema: hasimami akainua mikono. Anarudi!

— Mungu amusaidie, nikasema.

Nikasema kwa mdomo. Mtoto wangu Aimée hakuitwa kwenye kambi hata siku ya kwanza, na ndani yangu kulikuwa na kijitu kidogo kilichotamani kile kiatu kinyamaze. Nilimwomba Mungu samahani kabla kahawa haijapoa. Sijui kama alinisamehe papo hapo, lakini kile kijitu kikakaa chini.

Shefu hakuona lolote. Alikuwa ameegemeza kichwa ukutani, macho yake kule chini, kwenye gare, ambako majani yameota kati ya reli na mbuzi wa mtu wanakula.

— Munajua, akasema, alipokuwa mudogo Reine alikuwa anakaa juu ya mizani ya mizigo. Mama yake anamuleta na chakula changu, yeye anapanda juu ya mizani, sindano inaenda kidogo tu, anacheka. Treni inaingia. Watu wanalia, wanakumbatiana, wanapanda. Mimi ninapuliza filimbi, ninainua kibendera cha kijani, inaondoka. Halafu yeye ananiuliza: Papa, na siye tutapanda lini?

— Weye unamujibu nini? akauliza Mama Constance.

— Ninamwambia: treni ya kesho.

Upepo wa ziwa ulileta harufu ya ndakala, yaani dagaa, zilizoanikwa.

— Kila siku treni ya kesho. Mpaka akaacha kuuliza. Mimi nimeinulia kibendera watoto wa watu, Mama. Kutoka Kabalo, kutoka Nyunzu, wengine wamekuwa wakubwa, wananipita na motokari hawanijui. Wa kwangu sijamuinulia hata mumoja. Sasa leo... Leo kama watamuita, hata kama ni basi, hata kama ni pikipiki ya huyu Avoka mpaka uwanja wa ndege, mimi nitasimama pale na nitainua mukono. Hiyo tu. Sihitaji kingine.

— Na akienda, nikamuuliza, jioni hapa kwenye kona?

— Hiyo usiniulize, Aleluya.

Nikamsogezea karanga.

Mlango wa uwanja ukalia. Alphonse akausogeza kidogo, akatoka mwanamke mrefu mwenye kofia, filimbi ikining'inia kifuani, suruali yake nyeupe kwa vumbi mpaka magotini. Akaja moja kwa moja kwenye mbabula.

— Jambo Mama. Kahawa bado iko?

— Iko, Mama. Ya mwisho. Kaa.

Ungetuona tulivyosogea! Kigoma akapangusa ubao kwa kitenge cha biashara. Avoka akavua kofia, ingawa huyu ndiye arbitre aliyemgombeza siku ya kwanza. Bahati yake hakutambuliwa.

— Karibu, Mama Kochi, akasema Kigoma. Habari za huko Lubumbashi?

— Nzuri. Mimi ni Chantal. Nimepewa muda wa kikombe kimoja tu, wenzangu wanaangalia pahali pangu.

— Sisi hapa tulikuwa na mabishano madogo, akaanza Avoka. Mutueleze kisheria: munapima nini? Kiganja, maji, au kivuli?

Yule mama akamtazama, akapuliza kahawa yake.

— Kivuli?

— Achana naye, Mama, akasema Shefu. Kunywa kwanza.

Akanywa. Alionekana amechoka, na palikuwa na kitu kinachomsumbua. Akageuza kikombe mkononi.

— Nyinyi munisaidie kwanza na jambo moja, akasema. Munakaa hapa, munajua watoto wa hapa. Siye mule hatuna majina, tuna namba tu, ili muntu asipendelee. Majina tutayajua jioni. Lakini kuna mutoto mumoja. Namba tisa. Asubuhi alikuwa na viatu kama wengine. Mechi hii ya mwisho ameingia miguu mitupu. Nimemuuliza, amejibu: iko sawa, Mama. Neno lote njo hilo.

— Miguu mitupu juu ya sementi ile? akasema Mama Constance. Na jua hili?

— Ninauliza tu: yule mutoto njo wa nani?

Tukaangaliana. Shefu naye akaangalia huku na huku, kama sisi.

— Si swali la bure, akaendelea yule mama. Wakati mumoja tulichukua mutoto ambaye hakuna aliyemusindikiza. Alikuja na mufuko wake peke yake. Alikuwa anajua mpira, siwadanganyi. Lakini kila jioni anasimama kwenye lango anangoja, hatujui anangoja nani. Mwisho akarudi kwao. Tangu hapo mimi nasema: mutoto tunamuchukua kama kuna muntu wa kumusindikiza. Lazima awe na muntu wa kumupungia mukono. Sasa huyu, miguu mitupu, hasemi kitu... ninaogopa hana muntu.

— Huyo atakuwa wa vijijini, akasema Kigoma. Pwani ya Zongwe kule. Kule viatu ni vya Krismasi.

— Ni yatima, akasema Avoka. Yatima kisheria ni mutoto wa Serikali. Mumuandikie gavana.

— Si wa hapa, akasema Shefu Gare, na alisema kwa sauti ya zamani, ile ya kutangaza treni. Mama, mutoto wa hapa ana baba. Baba gani ataacha mutoto wake acheze miguu mitupu mbele ya wageni, siku kama ya leo? Mimi wa kwangu yuko mule. Ana viatu. Soli nimebandika na mikono yangu hii. Si huyo. Huyo simujui. Sikia, wa kwangu njo huyu anakuja!

Akainua kidole. Kwa, kwa, kwa, kwa. Kiatu kilikuja kikipita karibu kabisa na vichwa vyetu, nyuma tu ya ukuta.

Halafu sauti ikaita kutoka upande wa pili wa uwanja, mbali, kule chini ya ringi nyingine:

— Carmel! Carmel, huku! Niko huku!

Sauti ile tunaijua. Ndiyo inayotuamkia kila jioni pale kwenye kona: jambo Papa Aleluya, jambo Papa Djo, na kwa babaye mwisho kabisa, polepole. Na ilipoita jina la Carmel, kiatu kikageuka pale pale nyuma yetu, kwa, kwa, kikaenda kinakoitwa.

Mama Constance alishika birika akasahau kwa nini amelishika.

— Amemupa, akasema Mama Constance, kama anayejisemea. Mechi moja, wote wawili ndani. Jozi moja. Amemupa mwenzake.

Shefu alikuwa bado ameinua kile kidole. Kikawa kinashuka kidogo kidogo. Mimi niliutazama moto wa mbabula, nikamkumbuka yule mtume aliyekuwa akiota moto uani akaulizwa na mjakazi, akasema simjui. Nilipokuwa mtoto nilimhukumu sana yule mtume. Sasa najua alikuwa amekaa tu na wenzake, anaota moto, kama sisi.

Yule mama kocha hakuelewa kilichotokea. Aliona wanaume wamenyamaza, akadhani ndilo jibu.

— Basi hamumujui, akasema, akaweka kikombe chini. Ninajuta kuwasumbua. Lakini kama munapenda, kuyeni ndani mumuone, mechi haijaisha. Labda mumoja atamutambua sura.

— Tumekatazwa, Mama, akasema Kigoma.

— Waliokatazwa ni wazazi wa wachezaji. Nyinyi wengine hakuna aliyewakataza.

— Ati? Avoka akaruka. Wazazi peke yao? Kwa hiyo mimi siku zote hizi ninakaa nje bila kosa? Mimi ambaye sina mutoto?

— Avoka, kaa, nikamwambia.

Kocha Chantal alishafika mlangoni. Alphonse akafungua. Kwenye uwazi ule palionekana mwanga mkali wa sementi, na kipande cha nguzo ya ringi, na kivuli kinachopita haraka. Wachezaji hawakuonekana, walikuwa upande mwingine. Shefu akasimama. Sikuwahi kumwona anasimama haraka vile tangu treni ziache kuja kwa saa. Akavuka ile nafasi, akafika mlangoni, mguu mmoja karibu na kizingiti. Mpira ulikuwa unadunda ndani. Alikuwa amebakiza hatua moja amuone mtoto wake akicheza, mara ya kwanza katika maisha yake.

Alphonse hakuwa amesikia mazungumzo yetu. Alipewa neno moja tu la kuuliza, akaliuliza.

— Papa, weye ni muzazi?

Ni swali la mtu kujibu bila kufikiri. Aseme hapana, aingie, aone. Alikwisha kusema hapana mara moja, pale kwenye benchi, na hakuna mgeni aliyejua kwamba ni uongo. Sisi tungenyamaza. Nakiri kwamba nilitamani aseme hapana. Ningekuwa mimi, ningesema.

Shefu alisimama pale. Ulisikika ule mpira, na kiatu kikipiga kofi mbali, na watoto wakiitana. Akarudisha mguu nyuma ya kizingiti.

— Njo mimi, akasema. Mama Kochi! Namba tisa ni wangu. Anaitwa Reine. Mimi njo baba yake.

Yule mama akageuka. Akamtazama mzee, akatazama viatu vya mzee, vyeusi vya kazi, vya zamani, vimepakwa rangi asubuhi ile kwa ajili ya siku kubwa.

— Papa ulisema...

— Nilisema. Sikumusikia. Nilikuwa ninasikiliza kiatu.

Alphonse akashika mlango, hajui aufungue au aufunge.

— Kanuni ni kanuni, akasema Shefu. Funga, mwanangu. Mimi nilikuwa muntu wa reli, najua. Lakini kabla hujafunga... Mama, samahani. Nikuulize kitu kimoja. Weye umemuangalia. Anachezaka namna gani?

Kocha Chantal alifungua mdomo. Tuliona kabisa kwamba ana maneno yake ya kazi, ya mkono wa kushoto na wa kulia, na kwamba ameyachungulia moja moja akayaacha. Ndani, filimbi ilikuwa inamwita.

— Hasikiki, Papa, akasema mwishowe. Wengine wanamungoja mbele, na yeye ameshapita.

Akaingia. Kisha akatoa kichwa tena kwenye uwazi, kama aliyesahau kitu.

— Basi ana muntu, akasema.

Alphonse akafunga.

Shefu akarudi polepole. Hakukaa kama kawaida. Aliupanda ubao kinyume, magoti yakielekea ukutani, akaweka sikio kwenye tofali. Mama Constance alipindua birika juu ya kikombe changu. Lilitoa tone moja na machicha ya tangawizi. Kahawa imekwisha. Siku nyingine hapo ndipo kila mtu anakumbuka kwao. Leo hakuna aliyeondoka. Kigoma alikunja kitenge chake. Avoka, ambaye sasa alijua kwamba anaruhusiwa kuingia, alibaki amekaa.

Kwa, kwa, kwa.

— Huyu ni Carmel, akasema Avoka kwa sauti ndogo.

— Muache apite, akasema Shefu.

Kiatu kikapita, kikaenda zake mpaka mbali. Tukageuka wote, mmoja mmoja, tukaweka masikio ukutani pamoja naye. Tofali lilikuwa bado na moto wa mchana. Nilisikia mpira, nilisikia pumzi za watoto, nilisikia upepo. Nilitafuta chini ya sauti hizo miguu mitupu ya mtoto mmoja juu ya sementi.

— Umemusikia? nikamuuliza.

— Bado, akasema. Nyamaza.